Jiwe la Pomonda na Siku ya Kufungua Mahali pa Kale

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, twasoma habari za mawe 12 yaliyotolewa katika mto Yordani na kusimamishwa Gilgali, ili watoto wa baadaye wakiuliza maana yake, wazazi wawe na neno la kuwajibu. Sisi wa ufuko wa Nyasa hatukupungukiwa na mawe. Lipo moja Liuli, jiwe kubwa mno lililosimama majini karibu na nchi, nalo laitwa Pomonda. Vikundi vya mtaa vikikutana kwa somo hili, twaomba vianze na swali lile lile la mtoto: jiwe hili maana yake nini? Kisha lifuate la pili: siku tukiwaalika watu wa karibu na wa mbali waje walitazame, ni nani atakayesimama mbele yao kueleza, naye ataeleza nini?

Swali hili si la kupitisha wakati. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kona na miteremko, imekwisha kujengwa. Zamani mgeni alifika ufukoni amechoka na amejaa vumbi, ama aliletwa na meli iliyokuja siku iliyopenda yenyewe. Siku hizi anashuka kutoka Mbinga asubuhi na kurudi jioni. Wageni watakuja, tuwe tayari au tusiwe tayari. Wakitukuta hatuna la kusema, watasimuliwa habari zetu na mtu mwingine, pengine dereva aliyewaleta.

Desturi ya kutenga siku ya kufungua mahali pa kale inajulikana katika nchi nyingi. Ufaransa ilianza mwaka 1984: siku moja ya Septemba majumba ya kale yalifunguliwa kwa watu wote, hata yale ambayo kwa kawaida mwananchi hakaribii lango lake. Nchi nyingine za Ulaya zilifuata, na Uingereza ikaanza mwaka 1994. Kule Uingereza makanisa ni miongoni mwa mahali panapofunguliwa kwa wingi siku hizo. Hakuna kiingilio, na kazi ya kueleza hufanywa kwa sehemu kubwa na wenyeji waliojitolea. Hilo ndilo twalipenda, kwamba mwenye mahali ndiye msimulizi. Mengine ya Ulaya hayatuhusu sana, maana huko wana majumba yenye funguo. Pomonda halina mlango, wala shamba la ngoro halina. Kilichofungwa kwetu ni masimulizi, nayo yamo vifuani mwa wazee, na wazee wanapungua kila mwaka.

Wala tusidhani kwamba mkoa wetu wa Ruvuma hauna siku ya namna hiyo. Kila mwezi wa Februari watu hukusanyika Songea, katika viwanja vya Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa wa vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Kilele ni tarehe 27, kwa sababu siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60, wakawazika katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, aliuawa baadaye kidogo, akazikwa peke yake. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1980, na mwaka 2010 yaliingia chini ya Makumbusho ya Taifa. Wazee huvaa mavazi ya vita, ngoma ya lizombe hupigwa, na watoto wa shule huonyeshwa mahali pa kunyongea. Tangu 2015 limekuwapo pia tamasha liitwalo Majimaji Selebuka, lenye ngoma, michezo na maonyesho ya bidhaa. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mwenyewe Songea, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha. Huo ni mfano mkubwa wa jinsi mahali pa kale panavyoweza kufanya kazi: kaburi likiwa wazi na habari zake zikiwa zinasimuliwa, hata mkuu wa nchi iliyokosa hulazimika kuja kusimama mbele yake.

Sasa tushuke ziwani tuone ugumu ulipo.

Wazee wa ufukoni husimulia kwamba Pomonda lilikuwa kimbilio. Ndani ya jiwe mna pango. Habari zilipokuja kwamba Wangoni wanashuka kutoka milimani, watu walibeba watoto na chakula wakaingia mitumbwini, wakajificha humo, maana Wangoni walikuwa watu wa nchi kavu na maji hawakuyazoea. Walioshindwa kufika jiweni walichukuliwa mateka. Juu huko Umatengo mambo yalikuwa yale yale, ila badala ya maji walikuwa na mapango na magenge ya milima, kama Litembo. Nasi Waanglikana tunayo kumbukumbu yetu: mwaka 1882 Magwangwara, kama mapadre wa zamani walivyowaita Wangoni wa upande huu, waliivamia misheni yetu ya Masasi na kuchukua watu.

Basi tazameni, ndugu. Songea, Mngoni ni shujaa aliyenyongwa kwa kuitetea nchi. Pomonda, Mngoni ni yule aliyewafanya akina mama kuziba watoto vinywa gizani ili wasilie. Habari zote mbili ni za kweli, nazo ni za mkoa mmoja. Katika mitaa yetu leo wamo Wangoni, Wanyasa, Wamanda, Wampoto na Wamatengo, wanapokea kutoka altare moja, na wameoana hata huwezi kuwapambanua kwa sura. Mtoto ambaye baba yake ni Mngoni na mama yake ni Mnyasa, akifika Pomonda, atajiona yumo ndani ya pango au nje yake?

Wako wanaoshauri kwamba habari za uvamizi ziachwe, tusichokoze madonda. Sisi hatukubaliani nao. Jiwe lenyewe halina habari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Ukiiondoa, mgeni atabaki kulipiga picha tu na kuondoka. Tena kunyamaza hakufuti jambo. Hulihamisha tu kutoka uwanjani, ambako wote husikia na kusahihishana, kulipeleka jikoni, ambako kila ukoo hulipika kwa chumvi yake. Lakini pia hatukubali isimuliwe nusu. Anayesimulia Pomonda hana budi kusema Wangoni walitoka wapi. Mababu zao walikuwa watu waliokimbia vita vya kusini, kule Uzulu. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakatembea miaka mingi hadi Ufipa, na baada ya kifo chake wakagawanyika. Makundi yaliyofika Songea yalijenga falme mbili, Njelu na Mshope.

Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: sehemu kubwa ya watu walioitwa Wangoni hawakutoka kusini hata kidogo. Walikuwa mateka wa nchi hizi hizi, waliochukuliwa wakiwa vijana, wakalelewa na kufundishwa vita, wakawa Wangoni. Huenda basi mtu aliyenyongwa Songea mwaka 1906 alikuwa mwana wa mwanamke aliyekamatwa huku kwetu. Mtoto yule wa ndoa mbili yumo ndani ya pango na yumo nje yake, na hivyo ndivyo tulivyo karibu sote. Utani tulio nao na Wangoni umetusaidia sana kuyataja mambo haya kwa kicheko. Siku ya kufungua Pomonda twapendekeza wasimulizi wawe wawili, mmoja wa ufukoni na mmoja wa Ungoni, wakalie mkeka mmoja na kupokezana neno. Watataniana, na watu watasikia ukweli bila kukunja nyuso.

Juu ya ukweli, tunalo somo kutoka Unguja. Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, baada ya Sultani Barghash kulifunga soko hilo mwaka 1873. Kila siku wageni kwa mamia hufika pale. Nje ya kanisa ipo sanamu ya watumwa waliofungwa minyororo shingoni, iliyowekwa mwaka 1998. Kanisa lingeweza kufunga lango na kusema hapa ni mahali pa sala tu. Halikufanya hivyo, nasi twalisifu. Lakini wageni wale huonyeshwa pia vyumba vya chini, vyenye giza na dari fupi, wakiambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Wapo wanahistoria waliohoji jambo hilo, wakisema jengo lile lilisimamishwa na misheni wakati soko lilikuwa limekwisha kufungwa. Utumwa wenyewe hauna ubishi, na soko halina ubishi. Ndiyo sababu twasikitika kwamba jambo la hakika limewekewa pambo lenye shaka, maana mgeni akigundua shaka hiyo ataanza kutilia shaka hata lililo hakika. Nasi ufukoni tujihadhari. Tukisimulia jambo tulilosikia kwa wazee, tuseme tumelisikia kwa wazee. Tusiongeze idadi ya waliojificha pangoni ili mgeni ashangae zaidi.

Liuli yenyewe ina mengi kuliko jiwe. Wajerumani waliuita mji ule Sphinxhafen, yaani bandari ya Sfinksi, kwa kuwa waliliona Pomonda likifanana na ile sanamu ya kale ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika pale na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Alitoka kwa mashua ndogo, amekasirika, kumuuliza nahodha mwenzake wa Kiingereza, aliyekuwa rafiki yake, kama amelewa. Kisa hiki huwachekesha wageni, na ni halali wacheke. Lakini msimulizi asiishie hapo. Vita hiyo iliyoanza ziwani kama mzaha iliwachukua wanaume wa nchi hizi kuwa wapagazi wa pande zote mbili, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara.

Liuli pia ndipo alipozikwa Padre William Percival Johnson. Alifika Afrika mwaka 1876, akaja ziwani miaka michache baadaye, akakaa huku zaidi ya miaka 40, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa karibu kipofu. Alitafsiri Biblia kwa Kinyanja, akatembea vijiji vya pwani hata uzeeni, akafa tarehe 11 Oktoba 1928. Kaburi lake limekuwa mahali pa hija. Hatuna haja ya kueleza zaidi, kwa kuwa hakuna mtoto wa kipaimara asiyefundishwa habari zake.

Twataka kusema zaidi juu ya wale ambao hawafundishwi. Misheni ilikuwa na meli iliyoitwa Chauncy Maples, kwa kumbukumbu ya Askofu Chauncy Maples aliyezama ziwani Septemba 1895. Meli hiyo ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, vifurushi 3,481, ikaungwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1901. Tangi lake la kuchemshia maji, lenye uzito wa tani 11, halikuweza kugawanywa. Lilikokotwa nchi kavu, na kumbukumbu zasema waliolikokota walikuwa Wangoni 450 wa upande wa Malawi. Jina la meli twalijua. Jina la askofu twalijua. Katika wale 450, ni nani awezaye kututajia mmoja?

Ni hivyo hivyo kwa makanisa yetu ya zamani. Mwanzilishi amewekewa kibao ukutani. Wapo wapi mafundi waliochoma matofali, wanawake waliochota maji ya kukandia udongo, walimu wa kwanza waliokaa vijijini mwaka mzima huku padre akipita na meli mara chache tu? Baadhi ya wajukuu zao wangali hai, wanaketi nasi kanisani, na bado wanajua. Tukifungua kanisa kwa wageni na kuwaonyesha kibao peke yake, tutakuwa tumewaficha watu wetu wenyewe.

Tusiseme kana kwamba mahali pa kale ni pa ufukoni tu, wala pa Waanglikana tu. Wengi wa Wamatengo ni Wakatoliki, na Litembo ni misheni yao. Lakini mlima wa Litembo, ambako Wamatengo walipigana na Wajerumani mwaka 1902 na wengi wakauawa, ni wa kila mtu wa Mbinga. Miaka mitatu kabla ya Majimaji! Husikii ukitajwa sana, labda kwa kuwa wazee wa Songea wana sauti kubwa kuliko wa Mbinga. (Watani watusamehe.)

Tena iko kazi ya mikono ya Wamatengo ambayo mgeni akiiona huduwaa kuliko akiona boma lolote. Ni ngoro. Mababu waliposongamana milimani kwa ajili ya uvamizi, ardhi ilikuwa ya mteremko mkali, watu wengi, mahali padogo. Mvua ingeweza kuuchukua udongo wote kwa miaka michache. Basi mwishoni mwa masika, Februari na Machi, nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, hata mlima wote ukaonekana kama wavu uliotandazwa. Kisha udongo wa katikati ya kila jicho la wavu huchimbwa na kufunikia nyasi. Nyasi huoza chini na kuwa mbolea, juu hupandwa maharagwe, na msimu ufuatao mahindi. Shimo lililobaki katikati hupokea maji ya mvua na udongo unaoteleza, lisiliachie lolote liende bondeni. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza nyasi, wanawake huchimba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikuja katika miaka ya 1990 kujifunza kwa wakulima hawa. Siku moja ya Machi, mkulima mmoja akikubali, shamba lake liwe ndiyo makumbusho: mgeni apewe jembe, achimbe shimo moja chini ya macho ya mama mwenye shamba. Akimaliza ataelewa akili iliyomo humo kuliko kwa kusomewa kitabu.

Yabaki mambo ya utaratibu, ambayo vikundi viyaamue. Kwa maoni yetu siku ya ufukoni ifuatane na hija ya Oktoba, kabla ya mvua, na siku ya mlimani iwe Machi wakati wa ngoro. Kiingilio kisiwepo, lakini mwenye mtumbwi alipwe haki yake, na mama mntilie vilevile. Mitumbwi isijazwe. Mwera ukivuma, hakuna kwenda jiweni, hata mgeni awe mkubwa namna gani. Kaburini na kanisani sala itangulie, na wageni wangoje nje hadi Misa iishe. Hatudhani watachukia, maana wengi watapenda kusikia nyimbo. Mtu yeyote asichimbe wala kuondoa kitu pangoni, hata kigae. Mali ya kale inalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ngoma za mganda na kioda ziwepo, lakini baada ya masimulizi, kwa kuwa ngoma ikianza hakuna atakayemsikiliza mzee.

Kabla ya kikao kijacho kila kikundi kiteue vijana wawili wenye mwandiko mzuri waende kwa wazee na daftari. Wasiulize tu habari za mapadre. Waulize: nani katika ukoo wako alijificha Pomonda, na nani alichukuliwa? Nani alirudi? Nani alijenga kanisa hili, na alilipwa nini? Yuko mtu wa kwenu aliyekwenda kubeba mizigo ya vita asirudi? Jina liandikwe kama mzee anavyolitamka, pamoja na jina la mzee mwenyewe na tarehe. Daftari moja libaki kwa katekista, na nakala yake iwekwe ndani ya sanduku la vitabu vya ubatizo, mahali ambapo mchwa hawafiki.